Kwa Polycarpe Kabemba, aliyechora nyumba yetu ya kuzalia

Mwaka mmoja umetimia, Polycarpe, Tata wa Abigaël wetu, tangu ile tarehe 19 Oktoba ulipotuacha. Tumeuhesabu siku kwa siku, na tumechoka. Watu wanatuambia mwaka wa kwanza ndio mgumu, baadaye moyo huzoea. Ninayeandika kwa niaba ya nyumba nzima ni mimi mke wako, Florentine, na huko kuzoea bado sijakuona.

Wengi hapa Kolwezi walikujua kama msanifu majengo anayekaa tu. Mwenye kiwanja alikuita akidhani utapiga picha mbili na kurudi kesho na ramani. Wewe ulikuja na kiti cha plastiki. Ulikaa kutwa nzima, ukihamisha kiti kufuata kivuli na kuandika saa kwenye daftari. Uliwasha nyasi mbichi kidogo ili uone moshi unaelekea wapi. Ulirudi tena Julai kwenye baridi, na tena Oktoba jua likiwa utosini. Mwenye kiwanja akinung'unika, ulimwambia kwamba jua na upepo walifika pale kabla yake, na hawatahama.

Tulikuonea aibu pia, tuseme ukweli. Uliingia nyumba ya watu ukaangalia dari kabla ya kusalimu. Siku moja, njiani kwenda Fungurume, ulisimamisha gari ili uwaonyeshe vijana wachimbaji namna ya kuinua turubai lao, joto lipate pa kutokea. Tulichelewa harusi. Wale vijana walikupigia makofi, sisi tukakununia mpaka jioni.

Kwa maternité ya parokia, nyumba yetu ya kuzalia huku Manika, ulianzia kwangu. Mimi ni mkunga. Miaka ishirini na miwili nimezalisha katika chumba kile cha zamani chenye bati la chini, ambamo mwezi wa Oktoba mama analowa jasho kabla uchungu haujachanganya. Uliniuliza maswali mpaka nikakasirika: wauguzi hupumzika wapi, ndugu wa mgonjwa hupikia wapi, dirisha gani hufungwa kwa sababu ya vumbi la malori ya mgodi. Nilidhani ni maongezi ya mume na mke. Kumbe kila jibu lilikuwa linaingia kwenye mchoro.

Na mchoro ulipotoka, nilielewa bila kufafanuliwa. Pande ndefu zilitazama kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri likute upande mfupi tu. Kuta zilikuwa nene, za matofali ya udongo wa kichuguu yanayochomwa hapa hapa kwetu. Varanda ilikuwa pana. Juu kabisa, chini ya mgongo wa paa, uliacha mwanya mrefu wenye wavu, hewa ya moto ipande na kutoka yenyewe bila umeme. Umeme wetu tunaujua.

Siku ya kuchimba msingi ulikuwa Dilolo kwa dada yako. Fundi mkuu, Mechack, akazungusha kamba na kuielekeza nyumba kwenye barabara. Hakuwa mjinga. Kwetu nyumba huangalia barabara, na mgeni hapokewi na ubavu, sembuse askofu. Uliporudi ukamkuta amesimama kando ya mtaro anangoja sifa.

"Mechack, uligeuza nyumba."

"Tata, nyumba gani inapea barabara mbavu? Batu batasema nini?"

"Baseme. Weye unataka bamama bazale mu jua ya saa kenda?"

Akachimba upya, na wiki mbili hakukusalimia. Hata hivyo ulikwenda kila siku kushika kamba pamoja naye, miguu imevimba, ukiniambia ni viatu vinabana. Hasira ya viatu hivyo bado ninayo.

Wanasema mganga hajigangi. Chumba chetu cha kulala kinatazama magharibi, bati liko karibu na kichwa, na kila mwaka uliniahidi kwamba kiangazi kijacho utalipandisha. Ulianguka humo humo, saa nane mchana. Daktari alisema ni moyo.

Ulituachia kuta zilizofika juu ya madirisha, bila paa. Tulipomaliza matanga, kamati ya parokia ikaita mkutano. Mwenyekiti, Tata Tshibangu, ni mtu mwema, lakini alikuwa na hofu. Alisema mwanya ule utaingiza popo na mvua. Afadhali kupiga dari ya chini na kuziba juu, halafu tungoje klimatiza, mashine za kupoza hewa zilizoahidiwa na wafadhili. Nilikuwa hoi. Kidogo tu niseme ndiyo, nirudi nyumbani nikalale.

Nilipiga moyo konde. Nilichukua nyumba yako ndogo ya katoni, ile uliyonionyeshea njia ya hewa, nikaweka ndani dawa ya mbu inayofuka, mbele ya kamati nzima. Moshi ulipanda, ukatokea juu kama ulivyosema. Nikaanza kueleza. Nilipogeuka, katoni ilikuwa inawaka.

"Mama Florentine," akasema Tata Tshibangu, "ni vile maternité itawaka?"

Walicheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Kisha wakapiga kura kuuziba mwanya.

Mechack alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, kofia mkononi. Akasimama.

"Mi sitaziba. Tata Polycarpe alinichimbisha fondation mara mbili. Alikuwa mugonjwa na alishikaka kamba na mi. Mutafute fundi mwingine."

Fundi mwingine anayejua kuzisimamisha zile mbao za paa hayupo Manika nzima, na wote walilijua hilo. Tata Tshibangu akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Kura ikarudiwa. Paa lilikamilika Septemba, na mwanya wako upo, na wavu wake wa kuzuia popo.

Tarehe 6 mwezi huu tulipokea mzazi wa kwanza, Jocelyne, akajifungua mtoto wa kike. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Saa nane mchana, jua la Oktoba likiwaka huko nje, nilikuwa namfunga mtoto kitovu wakati mama yake Jocelyne, aliyekaa kwenye kiti karibu na ukuta, aliponivuta mkono.

"Mama, muko na kikwembe ingine? Huku kuko baridi."

Nilimpa kitenge changu cha mabegani. Nilimaliza kazi yangu, nikanawa, nikatoka varandani, nikalia. Nilitaka kukuambia, Tata Abigaël. Katika dunia nzima wewe peke yako ungejua uzito wa neno lile, na hupo.

Tunaokukumbuka ni mimi mke wako Florentine. Watoto wako Abigaël, Modeste na Mignonne. Dada yako Kabedi wa Dilolo. Mdogo wako Sadrack wa Fungurume. Na Mechack, ambaye si ndugu wa damu, ila ameomba jina lake liandikwe humu, nasi tumelikubali.

Siku zote tutakukumbuka.