Habiba Binti Nani

Mwende, ndugu yangu,

Taya langu limeunga, lakini limeunga upande. Nikifumba midomo kutamka jina lako, huniuma. Jumatatu naitwa mahakamani, na sina mwingine wa kumwambia kuwa naogopa.

Miaka sita tulizalisha pamoja katika zahanati ya Mbwajumali, kisiwani kwetu, wewe muuguzi uliyetoka Ukambani, mimi msaidizi wa kukufafanulia maneno ya wanawake wetu. Kila mtoto aliyezaliwa ulimuuliza mamake jina na maana yake, ukaandika daftarini mwako. Ulifurahi kujua kwamba Mwanaidi ni wa siku ya Idi, na kwamba Mashaka alizaliwa nyumba ikiwa na msiba. Ukatuambia nduguyo ni Mutua kwa kuwa alikawia tumboni. Siku niliyokwambia Habiba kwa Kiarabu ni mpendwa, uliketi chini ukacheka. Mwende nalo ni mpendwa, kwa Kikamba. Tangu hapo wanawake wakatuita mapacha.

Ndipo tukavuka kwenda bara kuchanja watoto. Watu watano walitoka kichakani na bunduki. Dereva alipokanyaga mafuta walimpiga risasi ya shingo, gari likaingia mtaroni, damu yake ikatujaa machoni. Walitukokota nje. Ulikuwa umejifunga leso yangu kichwani kwa ajili ya vumbi, nami nikakunong'oneza useme unaitwa Habiba, maana wasio Waislamu huwaua.

Ulisema, na sauti yako haikutetemeka. Kijana mmoja aliyefunika uso akauliza, "Habiba binti nani?"

Hilo sikukufundisha. Nilikupa maana za majina yetu yote, nisikwambie kuwa kwetu jina halitembei peke yake, huenda na baba na babu. Ulinitazama. Nikaropoka kwamba wewe ni binti Omari, tumezaliwa baba mmoja. Akanipiga usoni kwa kitako cha bunduki, meno yakaning'oka. Nilimrukia, nikamvua kile kitambaa, nikamkwaruza shavu mpaka nyama ikaingia kuchani. Nilimuona uso wote. Akanipiga tena. Mwenzake alikuwa ameshamwaga mkoba wako na kuokota kitambulisho.

Hukulia. Ulisema tu, "Mwacheni huyu. Mimi naitwa Mwende."

Walikupiga risasi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya tumbo, ukawa unachimba mchanga kwa vidole mpaka ya tatu. Mimi waliniacha kwa ajili ya jina langu. Hilo sijawasamehe. Siku nyingine sijisamehe mimi.

Tulikuzika kwenu. Nilikwenda na taya limefungwa kwa nyaya. Mamako hakuniuliza dini yangu wala nilikuwa wapi risasi zilipolia. Alinikorogea uji ukawa mwepesi kabisa, akanishikia kikombe.

Wamemkamata yule kijana. Anaitwa Salim, aliye salama. Ungeliandika hilo daftarini. Mamake namjua, nilicheza kwenye harusi ya bintiye. Alikuja kwangu na wazee wawili, wakaketi mkekani. Mzee mmoja akaniambia, "Bi Habiba, nti yetu ni ndogo, kisiwa kizima twajuana. Sema hukumuona uso." Mama yule alilia akanishika miguu, akaniomba nifikirie mwana ni nini kwa mzazi. Mwende, nililia naye. Kisha nikamwambia, "Nilimuona." Aliinuka akatema mate kizingitini kwangu.

Baada ya hapo dirisha langu limevunjwa kwa jiwe. Mume wangu anataka tuhamie Pate mjini kwa dadake, kesi ipite. Nimemwambia atangulie na watoto.

Lala, ndugu yangu. Jumatatu nitakwenda hata nikienda peke yangu, nitamnyooshea kidole mbele ya mamake, na mkono ukitetemeka nitaushika kwa huu mwingine.

Wako,
Habiba