Chumba cha Mama, Soweto

Iringa, 4 Machi 2023

Kaka Anwari,
Assalaam aleikum. Huku wazima, baridi tu. Magoti ya Mama yanaendeleaje?
Ramani ya nyumba yake hiyo hapo. Mimi nimechora, wewe simamia ujenzi kama tulivyokubaliana. Nakuomba jambo moja: chumba cha Mama kibaki chini, karibu na mlango wa uani. Magoti yale hayapandi ngazi. Ghorofani mkae wewe na familia.
Mdogo wako, Amna

Mbeya, 20 Januari 2024

Mdogo wangu Amna,
Waaleikum salaam. Wote hatujambo. Tumehamia! Watu wa mtaa huu wa Soweto wanasimama kuitazama nyumba.
Nimebadilisha kidogo tu. Pale kwenye chumba cha Mama nimejenga fremu mbili za maduka, maana tumetazamana na barabara. Yeye nimempa chumba cha juu chenye balkoni, anaona milima yote. Amesema, "Sawa, mwanangu." Usinune. Kuchora ni kuchora, aliyeshinda juani na mafundi ni mimi.
Kaka yako, Anwari

Iringa, 15 Juni 2024

Kaka,
Salaam. Nimerudi salama kutoka kwenu. Sikutaka kusema mbele ya wageni wako.
Mama hajashuka tangu mhamie. Bi Mwanakhamisi, shoga yake wa miaka yote, naye hawezi ngazi. Anasimama barabarani, wanaongea kwa kupigiana kelele. Nilimuuliza Mama mbona hakuniambia. Akasema, "Anwari anajivunia sana nyumba hii. Nitamwambiaje?"
Vunja fremu moja, mrudishie chumba chake.
Mdogo wako, Amna

Mbeya, 2 Oktoba 2024

Mdogo wangu,
Salaam. Mama ameanguka kwenye ngazi, nyonga imevunjika. Bi Mwanakhamisi amefariki, Mama akataka kwenda msibani. Nilimwambia anisubiri, nina mgeni. Hakusubiri.
Mgeni mwenyewe ni mtu wa Iyunga. Ameipenda nyumba, anataka tumjengee kama hii. Nimemwambia mchoraji ni mdogo wangu.
Kaka yako, Anwari

Iringa, 11 Desemba 2024

Anwari,
Tangu nije kumchukua Mama hujauliza kama tulifika. Tulifika. Nimempa chumba changu, mimi nalala sebuleni. Hatembei tena. Asubuhi namtoa uani kwa kiti, anachambua mboga, anaongea na majirani. Jana ameuliza kama unakula vizuri.
Mtu wako wa Iyunga atafute mchoraji mwingine. Akija tena, mpandishe chumba cha juu, umwambie nani alikaa humo na kwa nini ameondoka.
Mama anakusalimu, amenisisitiza niandike. Salamu zangu hazimo.
Amna