Mji wa Bado

5 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi na mkweo hatujambo. Goti lako je?

Mwenyekiti wa mji amenipigia. Stendi mpya ikifunguliwa wanataka tubadilishe jina, mji uitwe Neema. Ananiomba mimi, kitukuu wa mwenye jina, nitie sahihi ili watu wasinung'unike. Sioni ubaya, Mama. Kila nikitaja kwetu, ofisi nzima hucheka: barabara bado, umeme bado, na akili bado? Nimechoka kuwa kichekesho. Kama huna neno, nitatia.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linasumbua kukiwa na baridi, lakini sokoni linanifikisha.

Neno ninalo, na nililipata kwa mama mkwe. Babu wa baba yako alikuwa mchimba visima. Alifika hapa na mkewe pakiwa vumbi tupu, njia ya wasafiri. Yeye anachimba, mke anavuta ndoo za udongo. Wapita njia wakichungulia shimoni kumuuliza kama amefikia maji, hujibu kutoka chini, "Bado." Wakambandika jina hilo kwa dhihaka.

Siku moja jiwe liliporomoka likamvunja mguu. Ndugu zake wakaja kumchukua, wakamwambia mkewe afungashe. Alikataa. Alimfunga mumewe vijiti mguuni, akamkalisha ukingoni avute ndoo, akashuka mwenyewe, na mimba ya babu yako tumboni. Maji aliyapata yeye.

Ukame ulipoingia, waliocheka walikuja na vyombo na mifugo. Ukiwauliza waendako, wanasema wanakwenda kwa Bado. Hakufukuzwa mtu, na wengi hawakuondoka tena. Ndio mji huo.

Mkono ni wako, sahihi ni yako. Mimi mkutanoni, jina likipigiwa kura, nitakwenda.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Habari za bibi huyo sikuwahi kuzisikia. Nimemwambia mwenyekiti asiitegemee sahihi yangu. Amenikatia simu. Nenda, na usimwogope.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku kwema, mvua imetukumbuka.

Ukumbi ulifurika. Mwenyekiti alisema jina ni kama nguo, likichakaa hubadilishwa. Nikasimama, nikawasimulia kama nilivyokusimulia wewe, bila kutia chumvi. Kisha nikamgeukia.

"Bibi yako alipokuja na ndoo kichwani, maji aliyaomba kwa nani?"

Akasema polepole, "Kwa Bado."

Watu wakacheka, naye akacheka. Si mtu mbaya. Ilipopigwa kura, mikono ya Neema ilikuwa michache, na mingine ikashuka kabla haijafika juu.

Leo fundi wa mabango alikuwa stendi akiandika jina. Alinipa brashi nimalizie herufi ya mwisho. Rangi imenidondokea kwenye gauni la kijani. Dada yako anasema mafuta ya taa yataitoa. Nimemwambia aniachie gauni langu.

Mama yako