Siku ya Pili Niliyoikimbia

Jumatano. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na ziwa lote limefunikwa na ukungu. Nimerudi nyumbani mapema, nimekaa barazani na chai ambayo sijaigusa.

Juzi nilimpoteza mtoto.

Alikuwa wa kike, miezi saba, ameletwa kwa boti kutoka Mwamgongo na mama yake na bibi yake. Siku tatu alikuwa analia, ananyamaza, analia tena, na choo chake kilikuwa damu na ute. Sehemu ya utumbo ilikuwa imejiingiza ndani ya nyingine. Nilijua mara tu nilipomgusa tumbo. Cha kufanya nilikijua pia, maana mwezi uliopita tulikuwa tumekifanyia mazoezi.

Siku ya kwanza ya mafunzo, mkufunzi alituletea mdoli wa mpira, ukubwa wa mtoto mchanga, tumboni ametiwa utumbo wa mbuzi. Nilishona vizuri kuliko wote. Wenzangu walinipigia makofi.

Siku ya pili ilikuwa ya kusikilizana: muuguzi anataja hatari, daktari anasimamisha kazi, anarudia kwa sauti alichoambiwa. Niliona ni maigizo. Nikaaga kwamba nina wagonjwa wodini.

Sikuwa nao.

Sista Mwajuma, mama wa Ujiji aliyeanza kutoa dawa ya usingizi mimi nikiwa bado sekondari, alibaki mpaka mwisho.

Juzi, katika chumba cha upasuaji, nikiwa nimeinama juu ya lile tumbo dogo, aliniambia, "Daktari, mtoto anapata baridi."

"Namalizia, Sista."

Baada ya muda akasema tena, "Daktari, mwili umepoa sana. Tumfunike kwanza."

Sikumjibu. Utumbo ulikuwa karibu kuachia. Ulipoachia nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama siku ile ya makofi.

Tulipomfunika, moyo ulishaanza kwenda polepole. Tulihangaika naye sana. Jioni akafariki.

Labda angekufa tu. Siku tatu ni nyingi kwa mtoto wa vile. Wenzangu wananiambia hivyo, na huenda ni kweli. Lakini wao hawakuwepo nilipoambiwa nikanyamaza.

Bibi yake alinishika mkono. "Ni Imana, mwanangu," akasema, akimtaja Mungu kwa Kiha. "Mmehangaika. Asanteni."

Afadhali angenitukana.

Leo mchana nilimkuta Sista Mwajuma stoo, anakunja mashuka. Nikamwamkia. Nikamwomba anifundishe ile siku niliyoikimbia.

Aliendelea kukunja. "Nilikwambia mara mbili, Daktari."

"Najua, mama."

"Ya tatu niliogopa kukukera." Akaweka shuka chini. "Na mimi silali."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Siku mbili nzima nimejililia mwenyewe, kumbe kuna mtu nimemtwika mzigo wangu.

Tulimtoa mdoli kabatini, tukafunga mlango. Yeye anasema, mimi nasimama, narudia. Mara ya nne mikono yangu iliendelea kushona huku mdomo ukirudia maneno yake, naye akanigonga vidole kwa mkasi uliofungwa.

Kesho asubuhi tuna upasuaji wa kichanga kutoka Kidahwe. Nimemwambia Sista, nisiposimama, anishike mkono mbele ya watu wote.

"Tutaona," akasema, akarudi kwenye mashuka yake.