Swedi Angeshinda Raundi ya Sita

Majengo, Dodoma
Jumatano, 9 Julai

Mpendwa Elieth,

Habari za Kibakwe na milima yenu? Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mwenzako na wale mapacha, na kwamba mahindi mmeshayaingiza ndani kabla panya hawajayaonja. Mimi ni mzima. Kifua kinanibana kidogo kwa baridi hii ya Julai, lakini mashine yangu ya kufumia inakwenda, na masweta ya shule hayajanipa nafasi ya kuumwa. Mama mdogo Sikuzani, ambaye bado naishi kwake, naye ni mzima, ingawa tangu Jumatatu hanisemeshi. Nitakueleza.

Utashangaa nimekutobolea nukta nundu badala ya kukutumia sauti kwenye simu. Sauti kila mtu anaisikia. Nukta hizi hapa Majengo hakuna anayezisoma ila mimi, na humu kuna jambo nataka ulipate kwa vidole vyako mwenyewe, kama tulivyokuwa tukipitishiana vikaratasi bwenini Buigiri.

Unajua ninavyopenda ngumi. Kibanda changu kimepakana na benchi la kahawa la Hanifu, na tangu Aprili benchi lile halikuwa na mada nyingine: Swedi na Ambokile, uzito wa juu, Jumamosi ya tarehe tano. Swedi unamkumbuka, ni mtoto wa mama mdogo, yule aliyekuwa akija kunipokea stendi tukifunga shule. Siku hizi ana kilo mia moja na nne, na akikaa kwenye benchi la Hanifu wenzake wote wanajikuta wamesogea. Ambokile ni wa Mbeya, mrefu kuliko yeye, na walisema hajawahi kuanguka.

Kiongozi wa upande wa Ambokile alikuwa Respicius, dereva wa lori la saruji. Huyo kila siku alikuja na simu yake, akawaonyesha watu video, akahesabu urefu wa mikono na idadi ya waliozimia. Mimi niliwaambia Swedi atashinda raundi ya sita, kwa sababu Ambokile nilimsikiliza redioni na kuanzia raundi ya tano anavuta pumzi kwa mdomo. Respicius akauliza mbele ya watu tangu lini mwanamke asiyeona akawa mchambuzi wa masumbwi. Nikamjibu kwamba yeye anayeona amemtazama Ambokile miezi mitatu na hajajua kama ana mapafu. Benchi zima lilicheka, na tangu siku hiyo kikombe changu Hanifu akawa anakijaza kabla ya vya wengine. Sikufichi, Elieth, nilijisikia mtu.

Basi wiki mbili kabla ya pambano, Swedi alikaa karibu yangu akinywa kahawa, nikasikia kitu. Kabla ya kutua kikombe aligusa kwanza ukingo wa sinia kwa ukucha. Tik, halafu kikombe. Nikadhani nimekosea. Akanywa tena: tik, halafu kikombe. Ule ni mlio wetu, Elieth. Watu wenye macho hawatafuti sinia, wanatua tu. Siku zilizofuata akalipiga teke kapu langu la nyuzi mara tatu, kila mara kwa mguu wa kushoto, na nikagundua kwamba kila anapokaa anahama mpaka watu wote wawe kuliani kwake. Watu ishirini walikuwa wakimtazama kutwa nzima na hakuna aliyeona.

Tena waliona kingine wakakigeuza habari njema. Alipokuwa akiruka kamba uwanjani midomo yake ilikuwa ikicheza, na Hanifu akaapa kwamba ni kisomo alichopewa na mashehe wa kwao Kondoa. Benchi likafurahi, hata Respicius akaingiwa na wasiwasi, maana kisomo hakina video. Mimi usiku nilimsikia kupitia ukuta wa chumba. Hakikuwa kisomo. Zilikuwa herufi. H, V, Z, D, halafu S, N, C, K, mistari mizima isiyotengeneza neno, anaanza juu anashuka chini, anarudia.

Nilielewa palepale. Alikuwa amepiga picha ile karatasi ya kupimia macho, anaikariri ili siku ya kupima afya aisome bila kuiona.

Nilimwita nikamuuliza. Hakukana. Alisema jicho la kushoto limeingiwa na kivuli tangu ngumi aliyopigwa mazoezini mwezi wa tano, kama pazia linaloshuka kutoka pembeni, na kwamba baada ya pambano atakwenda hospitali. Akaniapisha nisiseme. Akanikumbusha kwamba jina lake limebandikwa mpaka Bahi, kwamba mama yake ameshaalika watu wa Kondoa basi zima, na kwamba mimi ndiye niliyeutangazia mji kuwa atashinda, sasa nimwache ashinde. Nikamwapia.

Nilikaa na kiapo hicho siku mbili. Alhamisi nikakivunja. Nilimpigia Dakta Shamila, aliyepangiwa kuwapima mabondia, ambaye wanawe nawafumia masweta. Sikumweleza maneno mengi. Nilimwomba jambo moja tu: amzibe Swedi jicho la kulia, halafu amwambie asome kuanzia mstari wa mwisho, kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Ijumaa Swedi alisimama mbele ya karatasi ile, akaambiwa aanzie chini, akanyamaza. Waliokuwepo wanasema alinyamaza muda mrefu mpaka wakadhani anatania. Pambano likafutwa mchana uleule. Ambokile akavishwa mkanda bila kuvua hata fulana.

Jumamosi na Jumapili mji ulikuwa na moto. Watu walisema Swedi amehujumiwa, daktari kanong'onezwa na mtu. Na mtu huyo wakampata: Respicius, si ndiye aliyempenda Ambokile? Jumatatu, siku ya Sabasaba, kila mtu yuko mapumziko, walimzunguka pale benchi na nikasikia sauti zinavyopanda. Nikazima mashine, nikatoka na fimbo yangu, nikawaambia wamwache, aliyempigia daktari ni mimi, na kesho ningempigia tena.

Elieth, wakamwacha Respicius, wakanigeukia mimi. Kisha maneno yakaja. Kwamba nimemuuza ndugu yangu. Mama mdogo alisema mbele ya wote kwamba nilitaka mwenzangu gizani, na hilo ndilo lililoniuma, nililia kama mtoto. Lakini sikuomba msamaha. Nilimwambia Swedi atakuwa na macho mawili ya kunichukia nayo, na hiyo inanitosha.

Jana nilikwenda kukaa benchi kama kawaida. Hanifu hakunimiminia kahawa. Leo nimekwenda na chupa yangu ya chai kutoka nyumbani, nikakaa palepale, nikajimiminia. Na nitaendelea kwenda. Benchi lile ni la barabara.

Sasa lile jambo. Ulipokuja Buigiri ukanikuta kitanda cha pembeni, ukaniuliza nilipofukaje, nikakwambia ni surua, niliamka asubuhi moja sioni. Nilikudanganya, na uongo huo nimeubeba miaka ishirini na sita. Hapakuwa na asubuhi moja. Ukungu ulianza nikiwa darasa la pili, nami niliogopa kuachishwa shule. Jirani yangu wa dawati alikuwa akisoma kwa sauti, nami nikakariri kurasa zote. Nilisifiwa kwamba nasoma kuliko darasa zima. Miaka miwili, Elieth. Hadi alipokuja mwalimu mgeni akaniambia nianze mstari wa mwisho wa ukurasa, nikasimama na kitabu mkononi, nikanyamaza. Daktari alimwambia baba kwamba ningeletwa mapema jicho moja lingebaki. Ndiyo maana nilijua swali la kumuuliza Swedi. Nililijua kwa kuwa mimi niliulizwa kwa kuchelewa.

Swedi anafanyiwa upasuaji kesho asubuhi. Daktari anasema pazia la ndani ya jicho limebanduka nusu, kwamba raundi moja tu ingelimaliza, na kwamba sasa kuna matumaini. Ila ndondi basi, asirudi ulingoni maisha yake yote. Tangu Jumatatu alikuwa hajanisemesha. Jioni hii alipita kibandani akasimama mlangoni, namjua kwa uzito wa hatua zake, akaniuliza kama nitakwenda naye hospitali. Nikasema nitakwenda. Akaondoka bila kuaga. Mama mdogo hajui bado kwamba nitakwenda, na akijua na apige kelele, mimi nimeshatoa nguo yangu safi.

Nisalimie wote wa hapo nyumbani, na mapacha uwabusu kila mmoja shavu lake. Mwombee Swedi huko kanisani kwenu barua hii ikikufikia, nami huku nitakuwa namwombea kwetu. Unijibu, hata kama ni kunigombeza kwa uongo wa miaka yote ile.

Nilisahau. Leo mtu mmoja alikuja kukaa nami benchi, Respicius. Alikubali chai yangu, akanywa, akasema kwamba pamoja na yote, Ambokile angemlaza Swedi raundi ya pili. Tumebishana mpaka chupa ikaisha. Pambano lile halitapigwa tena, kwa hiyo duniani hakuna atakayekuja kunithibitishia kwamba nimekosea. Ni raundi ya sita, Elieth, na nitalisema hilo mpaka nizikwe.

Wako wa kitanda cha pembeni,
Mwantum