Mke Wangu Amejisifu kwa Safari za Jirani

Kwako Mama Priscillah unayejibu barua gazetini,

Ama baada ya kukusalimu, mimi ni mzima isipokuwa moyo, na huo moyo ndio umenikalisha hapa juu ya debe niandike mwenyewe, na ukiona herufi zinaenda kombo usicheke sana, maana shule nilisoma mpaka mwalimu akahamishwa na mwingine hakuletwa. Nisaidie upesi, Mama. Mke wangu Syprose ameondoka nyumbani, na aliyemwondoa si mwanamume, ni kaburi, tena kaburi lenyewe liko Bara Hindi.

Jina langu Alfayo Ogola, Mjaluo, nawasha moto wa kukaushia majani katika kiwanda cha shamba moja la chai hapa Kericho, na tunakaa kwenye laini za wafanyakazi, nyumba imeshikana na nyumba, mwenzako akikohoa unamwambia pole bila kuamka. Upande wa pili wa ukuta wangu anakaa Phelix Otiende, mpishi wa memsahib, yule mzungu mke wa meneja. Sasa huyu memsahib ana ugonjwa wa kuchora majumba ya zamani kwa rangi, na hapa Kericho majumba ya zamani hakuna, kuna chai tu na mvua, basi mwaka jana akamchukua Otiende wakapanda meli Mombasa mpaka Bombay, halafu gari la moshi, wakazunguka miji ya wafalme wa kale, na kazi ya Otiende ilikuwa kubeba kiti, mwavuli na sanduku la rangi. Mtu alienda kubeba kiti, Mama, lakini vile alivyorudi ungefikiri kiti ndicho kilimbeba yeye.

Kabla ya hapo mtu wa kuona dunia katika laini hii nilikuwa mimi. Wakati wa vita ya Wajerumani nilibeba mizigo ya jeshi mpaka Morogoro, nikaona bahari, nikaona mzungu analia kwa ajili ya nyumbu wake, na kila Jumapili baada ya kanisa watu walikuja mlangoni kwangu, wananipa pombe kidogo nianze, halafu kidogo tena ninyamaze. Tangu Otiende arudi mlango wangu umeota majani. Watu wote wako kwake, na Syprose wangu ndiye wa kwanza kufika, na kigoda chake mwenyewe, mwanamke ambaye safari zangu za Morogoro amezisikiliza miaka yote akiwa anachambua mboga.

Nikasema twende basi nikasikie huo uongo. Mlangoni Otiende ananizuia, anasema, "Ogola ndugu yangu, vua viatu. Huko India mahali pa heshima hakuna mtu anaingia na viatu." Nikatazama ndani. Laini nzima imejaa mle, na mwenye viatu ni mimi peke yangu! Nikavua, soksi ina dirisha, kidole gumba kinachungulia, na Beldina mke wa fundi akasema kwa sauti, "Haya, huyo naye amekuja kutembea India." Wakacheka mpaka mbuzi akakimbia.

Otiende akaendelea kama mchungaji. Akasema kuna mji unaitwa Jaipur, kuta zake zote zina rangi ya ufizi wa mtoto mchanga, na mbele kuna nyumba ndefu yenye madirisha mengi kama sega la asali, wake wa mfalme walikaa ndani wakichungulia barabara bila kuonekana na mtu. Beldina akauliza, "Hao wake wote, nani alikuwa anapika?" Otiende akasema, "Shemeji, hilo memsahib hakulichora." Akasema Delhi kuna barabara ya soko ambayo huwezi kugeuza kichwa bila kugusa shavu la mtu, na chai yao wanauza katika kikombe cha udongo, ukimaliza unakipiga chini kinavunjika. Wanawake wakashika vichwa. Kwetu ziwani mama akikuona unavunja chungu kwa makusudi, siku hiyo unalala kwa mjomba. Akasema Benares watu wanashuka ngazi kuoga mtoni kabla jua halijatoka, na ngazi ya pili wanachoma maiti, na hakuna anayemwambia mwenzake sogea. Mimi nikasema, "Na wewe ulioga?" Akasema, "Nilishika kiti." Nikacheka peke yangu.

Sasa ndio kaburi. Akasema mji wa Agra kuna mfalme alifiwa na mke aliyempenda kuliko wote, akamjengea kaburi la mawe meupe kama maziwa ya asubuhi, linaitwa Taj Mahal, na ndani ya mawe wamepachika maua ya mawe ya rangi, ukipitisha kidole huwezi kusikia jiwe moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi, na memsahib alifungua sanduku la rangi akalifunga tena, akakaa tu. Watu wote wakasogeza vigoda karibu. Hata watoto. Syprose wangu akauliza polepole, "Alimjengea akiwa amekwisha kufa?" Otiende akasema, "Ndiyo, shemeji." Halafu Syprose akageuka akanitazama mimi, na kidole changu, na soksi yangu.

Tulipofika nyumbani mvua ikaanza, unajua mvua yetu haikosi mchana, na jiko nililomjengea kando ya nyumba linavuja kidogo, yeye amezoea, anaweka sufuria chini ya tundu na anapika na nyingine. Akaniambia, "Baba Celine, na wewe umenijengea nini?" Mimi mtu wa utani tangu kuzaliwa, nikamwambia, "Wewe kufa kwanza, halafu tutaangalia." Upande wa pili wa ukuta nikamsikia Otiende anacheka. Syprose hakucheka. Toka siku hiyo hata ugali unaletwa na Otiende juu yake: shemeji alisema hivi, shemeji aliona vile. Nikajaribu kurudisha watu wangu, nikaongeza simba wa pili katika safari ya Morogoro, Beldina akasema, "Ogola, zamani simba alikuwa mmoja."

Juzi ikaja sherehe ya ubatizo wa mtoto wa nyapara, wakamleta Obonyo mpiga nyatiti, kile kinanda chetu cha nyuzi, kutoka ziwani. Labda wewe si wa kwetu, nikueleze. Sisi tuna desturi ya pakruok: mpigaji anapiga, wewe unamsimamisha, unainuka mbele ya watu unajisifu na kuwataja walio wako, na mke mwenye adabu anaanza kwa mumewe. Syprose akainuka. "Obonyo, shika nyuzi! Mimi ni Syprose, shemeji wa mtu aliyetembea Delhi! Mimi ukuta wangu umegusana na ukuta wa mtu aliyesimama mbele ya kaburi la malkia!" Vigelegele! Nikangoja jina langu. Halikuja. Akakaa.

Hapo ndipo na mimi nikamsimamisha Obonyo, haki yangu, nikasema, "Mimi ni Ogola, mume wa mwanamke anayeomba kaburi! Mchimbieni basi, alale!" Lilikuwa neno la kuchekesha tu, lakini siku hiyo hawakuwa na meno ya kucheka, na Obonyo akafunga nyatiti yake akasema mkono umechoka. Asubuhi Syprose akafunga nguo zake akaenda kwa binti yetu Celine, aliyeolewa na mkamuaji wa shamba la maziwa upande wa Kaplong. Hakuniaga. Alimuaga mke wa Otiende.

Sasa ushauri ninaotaka ni huu. Kwanza, uandike gazetini kwa herufi kubwa kwamba hilo kaburi halipo, gazeti nitalikata nilibandike mlangoni kwa Otiende. Pili, uniambie kama wazee wanaweza kumkataza mtu kusimulia India siku ya Jumapili. Tatu, kama unaona Otiende ana jambo na mke wangu, usinifiche, mimi ni mtu mzima. Watu wanasema nina wivu. Mimi nasema ni kiungulia.

Ni mimi Alfayo Ogola, ambaye sasa anajipikia.

*

Mzee Ogola,

Pole kwa kujipikia. Hapo pole yangu inaishia kwa sasa, nitakupa nyingine mwishoni kama utafika.

Kaburi lipo. Picha yake iko kwenye kalenda katika duka la Mhindi ninaponunua sukari, na labda hata katika duka la kwenu, ungeinua macho. Sitaandika kwamba halipo ili upate cha kubandika mlangoni kwa mtu. Wazee nao waache wapumzike. Na Otiende hana jambo na mkeo. Katika barua yako nzima amemwita shemeji, amejibu maswali yake, na amecheka ukutani, kosa lake likiwa kwamba anajua kusimulia. Wewe pia unajua, barua yako nimeisoma mara mbili nikicheka, kwa hiyo acha kujifanya maskini.

Lakini sikuchekea kila mahali. Simba umempa nafasi yake, soksi umeipa yake, halafu lile neno "mchimbieni" umelipitisha haraka katikati kama jiwe katika maharagwe. Nimeling'ata, Mzee. Umemtakia mkeo kaburi mbele ya watu, katika sherehe ya mtoto, nyatiti ikiwa imesimamishwa ili kila sikio lisikie. Hiyo desturi yenu naijua, nimeishi Kisumu. Mtu huinuka pale kuwainua walio wake. Wewe uliinuka ukamfukia wako. Hata mpigaji alikataa kukaa juu ya neno hilo, na unaniuliza mimi kama ni India iliyomwondoa!

Ni kweli, hakukutaja, na najua iliuma. Ungekuja kwangu na hilo peke yake ningekuwa upande wako. Lakini jiulize angekutaja kwa lipi wiki hiyo. Angesema, mimi ni Syprose, mke wa mtu aliyeniambia nife kwanza?

Umemsikia Otiende vizuri sana, mpaka rangi ya ufizi. Mkeo hukumsikia. Watu wote walikuwa wanastaajabia mawe meupe, yeye akauliza kama mfalme alijenga mke akiwa amekwisha kufa. Hilo ni swali la mtu anayemwona huyo mfalme amechelewa. Halafu akakuuliza wewe, ambaye bado una nafasi, akiwa amesimama katika jiko lenye sufuria mbili, moja ya chakula na moja ya mvua. Unasema linavuja kidogo, yeye amezoea. Nani alikuambia amezoea? Amenyamaza, basi. Wewe unayewasha moto wa kukausha majani ya watu wengine siku nzima, mkeo anapika na kuni zilizolowa mvua.

Sasa fanya hivi, kwa mpango huu na si mwingine.

Kesho ukitoka kazini kata nyasi. Usimlipe kijana, panda juu mwenyewe na mgongo wako huo wa Morogoro, ubomoe paa la lile jiko uliezeke upya. Fanya kabla ya kumfuata, ili ukifika uwe na jambo lililokwisha fanyika, maana ahadi zako nadhani anazo za kutosha.

Ukimaliza, nenda Kaplong wewe mwenyewe. Usimtume Otiende kwa kuwa ana maneno matamu, nakuona ukifikiria hilo. Najua kwenu mzee halali kwa mkwewe wala haingii ovyo, kwa hiyo usimletee Celine aibu nyingine: kaa nje upande wa zizi, uombe mkeo aitwe, na ungoje. Ng'ombe watakutazama. Nawe watazame. Akija usianze na Otiende, usianze na nyatiti, wala usimwambie kwamba ulikuwa unatania. Mtu aliyeambiwa alale kaburini hataki kufundishwa kucheka. Mwambie, "Nilisema neno baya mbele ya watu na nitalirudisha mbele ya watu." Halafu ufunge mdomo. Kwako wewe hiyo itakuwa kazi kubwa kuliko paa.

Na ulirudishe kweli. Obonyo atakuja tena, watoto hawaishi kubatizwa. Umsimamishe, umtaje Syprose kwa jina, umtaje na baba yake na mahali alipozaliwa, useme ni nani aliyekuwa anachambua mboga huku wewe ukizeeka na hadithi moja. Watakaocheka wacheke. Ukae chini.

Kwa Otiende nenda Jumapili kama watu wengine, vua viatu, soksi ushone kwanza, na umuulize swali moja ambalo kweli unataka jibu lake. Nilivyokusoma unalo. Ulitaka kujua Benares ilikuwaje, ukamuuliza kwa kejeli, ukapata jibu la kejeli. Nafasi ya wasimulizi wawili katika laini moja ipo, mkiacha kusukumana.

Pole yako ya pili ni hii: najua kuna kitu kinachoma mtu mzima anapoona vigoda vyote vimehamia mlango wa pili. Si kiungulia, na unajua jina lake, uliliandika mwenyewe ukalikana. Lakini vigoda vyote hivyo ni vya watu. Kimoja tu ndicho kilikuwa cha nyumbani kwako, na kwa hicho hukuwa na haja ya simba.

Akisema hapana, usibishane, rudi kazini, na Jumapili inayofuata nenda tena. Akisema ndiyo, mzigo wake beba wewe, na njia nzima kutoka Kaplong mwache yeye aongee.

Mama Priscillah