Niligandisha Wageni Kama Maadui wa Gemu

Shangazi Celine, nisaidie, kwa sababu nyumbani ni amani tupu lakini roho yangu haitulii. Bwanangu Mutie husimamia watu kwenye mechi na matamasha, kazi wanayoiita crowd control, na mimi nikishafunga kibanda changu cha nyanya hucheza gemu ya vita kwa simu na marafiki, na kazi yangu kwa timu pia huitwa crowd control, yaani nagandisha maadui wasisonge ili wenzangu wapite, na kusema kweli hakuna anayeniweza. Sasa juzi kulikuwa na tamasha la kwaya pale mtaa wa Olympic, mwenzake Mutie mmoja akaugua, nikamwambia, "Nipe hilo geti, crowd control ni kazi yangu," akacheka akanivalisha jaketi ya kung'aa. Watu walipojaa nikafanya vile najua, nikafunga geti, lakini wa nyuma hawakujua mbele kumefungwa, wakazidi kusukuma mpaka mama mmoja, Filister, akabanwa kwa mabati akilia, "Nakosa pumzi!" Mutie akaja mbio, "Kalondu, fungua! Hawa si maadui, ni wageni wetu!" Nikafungua, tukafungua na la pembeni, yeye akaenda kuwatuliza wa nyuma, watu wakaingia polepole hadi wakaisha. Filister alipewa maji, na baadaye nikamwona akiimba. Mutie hakunigombeza, ila anataka niende mafunzo ya kusimamia umati kule Sarang'ombe tufanye kazi pamoja. Natamani sana, lakini nikifumba macho namwona yule mama. Niende, ama nibaki na simu yangu?

Kalondu, Kawangware

Kalondu, pole, na sasa wacha nikugombeze mimi. Ulichukua geti kwa sababu kazi mbili zina jina moja! Kwenye gemu ukizuia watu umeshinda; kwenye geti la kweli watu wakikosa pa kwenda, hatari ndiyo inaanza. Na huyo Mutie aliyekuvalisha jaketi akicheka, mwambie nimemwona.

Lakini uliambiwa fungua, ukafungua. Wengine hung'ang'ania geti kwa aibu. Na kama Filister anakujia ukifumba macho, vizuri. Asiyejali mama aliyebanwa simtaki mlangoni kwangu.

Mtafute umwombe msamaha uso kwa uso. Kisha nenda mafunzo, na kabla hujamaliza usiguse geti la mtu. Gemu usiache, hiyo ni starehe yako. Nikija tamasha lingine nataka nikusikie ukiniita, "Mama, pita huku, kuna nafasi."